Pampu ya zege kwa kazi ndogo: ukodi au uunde yako?

Slabu ya mita za mraba 100 yenye unene wa sentimita 15 inameza mita za ujazo 15 za zege. Zege la kokoto za kawaida lina uzito wa karibu kilo 2,400 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo siku ya kumwaga kuna tani 36 zinazotakiwa kutoka chini na kufika juu kabla hazijashika. Toroli lililojazwa kwa kiasi, lisimwagike kwenye njia ya mbao, hubeba lita 50 hivi. Hizo ni safari 300. Kwa karai, usihesabu kabisa. Ndipo mwenye kazi anapoanza kuiwaza pampu, na akishasikia gharama ya kuikodi, hakosekani fundi wa kuchomelea wa kumwambia: "Hiyo ni silinda mbili na injini tu, mbona tunaunda wenyewe!"

Fundi huyo hadanganyi sana. Wajerumani Max Giese na Fritz Hell walikwisha kusukuma zege kwa pampu mwaka 1927, enzi ambayo gereji nyingi za leo zingeonekana viwanda vya kisasa. Kanuni yenyewe ni nyepesi. Tatizo ni kile kinachosukumwa. Anayeelewa tabia ya zege likiwa ndani ya bomba ataona kwamba swali la kukodi au kuunda lina sehemu moja ya ufundi na sehemu moja ya hesabu, na kwamba kote kuwili linarudi kwenye jambo lilelile: bomba likiziba saa nane mchana, nusu ya slabu ikiwa imeshamwagwa, hasara ni ya nani?

Zege ndani ya bomba

Zege haliendi kama maji, wala haliendi kama uji. Linasafiri kama mche mrefu wa sabuni unaosukumwa ndani ya mrija: kokoto za katikati zimetulia mahali pake, hazigeuzani, na kinachoteleza ni utando mwembamba wa saruji, maji na mchanga laini kati ya mche huo na ukuta wa bomba. Utando ukiwepo, zege linakwenda kwa nguvu ndogo ya kushangaza. Ukikosekana, hata kwa kipande cha nusu mita tu, kokoto zinagusa chuma, zinagusana zenyewe kwa zenyewe, na zinajikaza kama kabari. Hapo mwendeshaji mgeni huongeza nguvu, na ndiyo dawa mbaya kuliko zote, kwa sababu shinikizo linalikamua zege kama nguo iliyolowa: maji na saruji vinapenya mbele, kokoto kavu zinabaki nyuma, na kizibo kinazidi kuwa kigumu kwa kila pigo la pistoni.

Masharti yote ya pampu yanatokana na utando huo. Kokoto kubwa kuliko zote haipaswi kuzidi theluthi moja ya kipenyo cha bomba ikiwa ni za kupondwa, zenye kona kali; za mviringo huvumiliwa zaidi kidogo, hadi asilimia 40. Kokoto za milimita 20 basi zinahitaji bomba la milimita 60 hesabu ikiwa tupu, na kwa vitendo la 75 au zaidi. Anayetaka mpira mwembamba wa milimita 50, unaobebeka na mtu mmoja, ajue amejifunga kwenye kokoto ndogo za milimita 10 hadi 15, na mchanganyiko wa kokoto ndogo unadai saruji zaidi.

Mchanga nao una neno lake. Mchanga uliooshwa sana, safi unaometameta, ambao fundi wa kawaida angeusifu, mara nyingi hausukumiki, kwa kuwa hauna chembe laini za kuutengeneza ule utando. Kanuni inayotumika na wahandisi ni kwamba asilimia 15 hadi 30 ya mchanga ipite kwenye chekeche chenye matundu ya milimita 0.3. Usichanganye chembe laini za mchanga na udongo, lakini. Udongo hauingii katika hesabu hii, unaidhoofisha saruji tu.

Halafu ulaini. Unaupima kwa koni ya slampu yenye kimo cha sentimita 30: unajaza zege, unanyanyua koni, unaangalia lundo limeshuka kiasi gani. Kwa pampu ndogo, mshuko wa sentimita 10 hadi 15 unafaa. Chini ya hapo zege linakuwa gumu kupita. Juu ya hapo, hasa kama ulaini umeletwa na maji peke yake, kokoto zinaanza kujitenga na kuzama. Ndiyo maana kishawishi cha kumwaga ndoo ya maji kwenye beseni la pampu ikianza kugugumia kinageuka mtego. Zege linaonekana limelainika juu, huku chini kokoto zinakaa peke yake zikisubiri kuziba kona ya kwanza ya bomba. Ulaini wa kweli unatoka kwenye saruji ya kutosha, mchanga wa kutosha na, ikipatikana, dawa ya kulainisha zege.

Niseme wazi kwamba sijawahi kuona pampu iliyoziba kwa sababu injini ilikuwa ndogo mno. Zilizoziba mbele yangu zilizibwa na mchanganyiko, au na bomba lililoanzwa kavu bila kupitishwa kwanza uji wa saruji.

Kwenye karatasi, pampu ya kujiundia inapendeza

Twende sasa kwenye wazo la fundi wa kuchomelea, tulitendee haki. Chukua silinda mbili za zege zenye kipenyo cha sentimita 10 na mwendo wa sentimita 60. Kila pigo linasukuma lita 4.7. Mapigo 15 kwa dakika yanatoa lita 70, na kwa kuwa silinda haijai kamwe kwa ukamilifu, tuseme inajaa asilimia 80: tunapata kama mita za ujazo 3.4 kwa saa. Mashine ya kuchanganyia inayotoa lita 200 kila baada ya dakika nne inazalisha mita za ujazo 3 kwa saa. Vimeoana utadhani vilipangwa. Slabu ya mita 15 za ujazo itamalizika kwa muda wa saa tano.

Nguvu nayo haitishi. Uzito wa zege lililosimama ndani ya bomba ni karibu bar 0.24 kwa kila mita ya kimo, na bar moja ni karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Ghorofa ya mita 10 inakula bar 2.4 tu. Kinachokula nguvu ni msuguano: bomba jembamba, kona, na hasa mpira, ambao unakinza mara mbili hadi tatu ya bomba la chuma la urefu uleule. Kona moja ya nyuzi 90 huhesabiwa kama mita tatu hivi za bomba lililonyooka. Mtambo mdogo wenye bomba la milimita 75 na mpira mrefu ukifika bar 30 hadi 40 si ajabu. Kwa bar 40, pistoni ya sentimita 10 inahitaji msukumo wa zaidi ya tani tatu, na silinda ya haidroliki ya milimita 50 inautoa ikiwa na bar 160, kiwango cha kawaida kabisa kwenye vifaa vya mashambani na vya kuchimbia. Ukizidisha mita za ujazo kwa saa kwa bar, kisha ukagawa kwa 36, unapata kilowati: 3.4 mara 40 gawa kwa 36 ni chini kidogo ya 4. Weka upotevu, injini ya nguvu za farasi 10 inatosha. Vyote hivyo vinaokotwa kwenye vyuma chakavu.

(Kwa wanaopenda kulinganisha: jengo la Burj Khalifa la Dubai lilisukumiwa zege hadi kimo cha mita 606 mwaka 2008. Uzito wa zege peke yake kwenye bomba la kimo hicho unazidi bar 140, kabla hujahesabu msuguano. Haikusaidii kitu kwenye slabu yako, ila inaonyesha kwamba kimo si adui mkubwa.)

Basi kwa nini watu hawaziundi kila mtaa?

Vali

Jibu la neno moja ni vali, yaani mlango wa ndani ya pampu unaofunguka na kufunga kwa kila pigo. Pampu ya maji ina vali inayofunga kwa sababu hakuna kinachoizuia. Ya zege inatakiwa kufunga huku kuna kokoto katikati ya mdomo. Katika pampu nyingi za pistoni za leo, ndani ya beseni la kupokelea zege kuna bomba lililopinda mfano wa herufi S. Upande mmoja umeunganishwa na bomba la kutokea. Upande wa pili unabembea, mara uko mbele ya silinda ya kulia inayosukuma, mara mbele ya ya kushoto, huku ile iliyoachwa wazi ikivuta zege jipya kutoka beseni. Kubembea huko kunapaswa kuisha kwa sehemu ya sekunde, na mdomo wa bomba unapopita juu ya bamba la chuma lenye matundu mawili, kokoto iliyokaa njiani inakatwa kama kwa mkasi.

Sasa weka mwanya wa milimita chache kati ya mdomo huo na bamba. Zege liko kwenye shinikizo, uji wa saruji unapenya kwenye mwanya na kurudi beseni, kokoto zinabaki. Umetengeneza chujio. Zege linaloingia bombani tayari limepungukiwa na ule utando tuliouzungumza, na kizibo kinaanzia humohumo ndani ya pampu, mahali pagumu kuliko pote kupazibua. Viwandani mdomo huo huvishwa pete ya chuma kigumu sana, ambayo kwa nyuma inakazwa na mpira ili ijisogeze yenyewe kadiri inavyolika. Inalika kweli. Mchanga ni msasa, na pampu ya zege inajisaga kila siku inapofanya kazi. Chuma laini cha kawaida, hata kilichochomelewa vizuri, kinatafunwa haraka kiasi kwamba mwanya uliokuwa wa unywele asubuhi unaweza kuwa wa kutia wasiwasi jioni.

Wajanja huikwepa S kwa njia mbili. Ya kwanza ni vali za tufe la chuma, zile ambazo tufe linanyanyuka na kuanguka kwenye kiti chake. Ni rahisi, hazina mfumo wa kubembea, na zinafanya kazi vizuri, ila kwa kokoto ndogo na zege laini. Kokoto moja ya milimita 20 ikikaa kwenye kiti, vali haifungi. Njia ya pili ni pampu ya kukamua: mpira mnene unapindwa ndani ya ngoma, magurudumu yanazunguka yakiukanda na kusukuma zege mbele. Hapo hakuna vali wala pistoni inayogusa zege. Wengi wakiiona wanasema hii ndiyo. Lakini ule mpira ukishakandwa unatakiwa kurudi kwenye umbo lake mara moja ili uvute zege lingine, na mitambo ya kiwandani huusaidia kwa kuitoa hewa ndani ya ngoma. Mpira wa kawaida wa kunyonyea maji unabaki bapa, hauvuti, na baada ya muda mfupi unapasuka kwenye mkunjo. Mpira maalumu, ukishaupata, unageuka kuwa gharama inayojirudia.

Bado sijagusa jambo linalonifanya nisiipendekeze pampu ya kujiundia kwa zege la slabu hata kwa fundi ninayemwamini. Kwa bar 40, ndani ya bomba la milimita 75 kuna msukumo wa takriban kilo 1,770 unaojaribu kuzitenganisha bomba mbili pale penye klempu, kibano kinachoziunganisha. Bomba likiziba, pampu nzima inasukuma dhidi ya kizibo, na mtu asiyejua anafungua klempu ili "aone." Taratibu za kazi zinataka pampu irudishwe nyuma mapigo kadhaa kwanza ili shinikizo lishuke; pampu iliyoundwa bila uwezo wa kurudi nyuma haina namna ya kufanya hivyo. Hatari ya pili ni hewa. Beseni likiachwa lipungue, silinda inavuta hewa pamoja na zege, hewa inabanwa njiani, na inapofika mwisho inalipuka na kuurusha mpira huku na huko kama nyoka aliyekanyagwa. Ndiyo sababu mpira wa mwisho haupaswi kufungwa kipande cha chuma kwenye ncha, wala mtu kusimama karibu nao pampu inapoanza. Ya tatu ni beseni lenyewe. Bomba la S linalokata kokoto halitambui kidole, na wavu wa juu ya beseni, ambao mafundi huuondoa kwa sababu "unachelewesha kazi," upo kwa ajili hiyo. Watengenezaji walijifunza mambo hayo kwa miongo mingi. Wewe utajifunza kwa siku moja, tena na watu wako.

Unapokodi unalipia nini

Kuna namna mbili kubwa. Lori lenye mkono wa kukunjuka huja, hushusha miguu yake, hunyoosha mkono juu ya nyumba, na mtu mmoja tu hushika mpira wa mwisho. Pampu ya kukokotwa inavutwa na gari, inaegeshwa chini, na bomba na mipira inatandazwa hadi kwenye slabu. Inahitaji watu wa kubeba, maana mita moja ya bomba la milimita 125 lililojaa inabeba lita 12 za zege, kama kilo 29 bila kuhesabu chuma, wakati ya milimita 75 inabeba kama kilo 10.5. Lori la mkono ni haraka na ghali, na linadai uwanja mgumu wa kusimamia miguu na anga isiyo na nyaya za umeme. Ya kukokotwa inaingia uchochoroni.

Kwa pesa ya kukodi unapata mashine, naam, lakini hiyo ndiyo sehemu ndogo. Unapata mwendeshaji anayesikia mlio wa pampu ukibadilika na kurudisha nyuma kabla kizibo hakijajifunga. Unapata pete na bamba ambazo mtu mwingine amelipia zikalike. Na kama umepatana vizuri, unapata mtu mwingine wa kubeba hasara ya kuharibika kwa mashine.

Nasema kama umepatana vizuri kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoumia. Makubaliano mengi yanasema kizibo kilichotokana na zege baya ni juu ya mteja, na kilichotokana na mashine ni juu ya mwenye mashine. Ni haki kabisa, ila siku yenyewe kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole. Mtumie mwenye pampu maelezo ya mchanganyiko siku kadhaa kabla: ukubwa wa kokoto, kiasi cha saruji, slampu. Akiukubali kwa maandishi, una pa kushikia. Akisema "wewe leta tu zege," tafuta mwingine. Uliza pia kima cha chini cha saa unazolipishwa, kama safari na muda wa kusubiri vinahesabiwa, nani analeta saruji ya kulainishia bomba, na mashine itaoshewa wapi. Maji ya kuoshea pampu yana ukali wa chokaa unaounguza ngozi na kuua majani, hayafai kuachiwa mtaro wa jirani.

Kuna kosa jingine la kukodi ambalo halina uhusiano na mkataba. Pampu ndogo ya kukokotwa ina uwezo wa mita za ujazo 15 na zaidi kwa saa; mashine yako ya kuchanganyia inatoa 3. Utakuwa umelipia farasi wa mbio na kumfunga kwenye mkokoteni. Mbaya zaidi, zege linakaa bombani likingoja mchanganyiko unaofuata, na juani linaanza kushika kabla halijafika. Pampu ya kukodi inakwenda na malori ya zege lililochanganywa kiwandani. Malori mawili au matatu yanatosha mita 15 za ujazo, kazi inaisha kwa saa mbili hivi, na wakati huo gharama ya pampu inagawanyika vizuri. Huna malori? Basi kukodi pampu kunapoteza nusu ya maana yake.

Na ukiipata kasi hiyo, jiandae nayo. Nguzo ya mita tatu iliyokuwa ikijazwa kwa karai taratibu, zege la chini likianza kushika, sasa inajaa kwa dakika chache. Zege likiwa bado bichi lote, mbao za chini kabisa zinasukumwa kwa zaidi ya tani saba kwa kila mita ya mraba. Seremala aliyezoea karai atafunga mbao kwa mazoea yake, na zitafunguka. Idadi ya watu wa kusawazisha na wa vibreta, zile mashine za kutikisa zege lijipange, nayo iongezwe. Pampu haimngoji mtu mmoja mwenye ubao.

Hesabu ya siku

Bei zinatofautiana kila mahali na kila msimu, kwa hiyo tupime kila kitu kwa siku za kukodi. Siku moja ya kukodi ni moja. Andika vifaa vya kuunda pampu vinagharimu siku ngapi: injini, pampu ya haidroliki, silinda nne, vali za kuelekezea mafuta, mabomba yanayostahimili shinikizo, klempu, mpira. Ongeza malipo ya fundi wa kuchonga na kuchomelea. Ongeza zege la majaribio, maana pampu ambayo haijawahi kusukuma zege halisi haijajaribiwa. Maji yanapita popote. Kisha ongeza mstari ambao karibu kila mtu anausahau: gharama ya kumwaga mara moja kukiharibika.

Mfano wa kufikirika. Vifaa na fundi ni siku 15 za kukodi, majaribio ni 2. Slabu iliyokatikia katikati, yaani zege jipya limekutana na la zamani lililokwisha kushika mahali ambapo mhandisi hakupanga kiungo, tuseme ukarabati wake ni siku 10. Kama unaona uwezekano wa kuziba vibaya ni mmoja kwa tano kila unapomwaga, kila siku ya kumwaga inabeba hatari ya siku mbili. Yaani pampu yako "ya bure" ina gharama ya siku mbili za kukodi kila inapofanya kazi, kabla ya mafuta. Hapo haitarudisha gharama zake kamwe, hata ukimwaga mara mia. Ili hesabu igeuke, lazima uwezekano huo ushuke chini ya mmoja kwa kumi, na kinachoushusha ni vali nzuri, pete ngumu na mwendeshaji mzoefu, ambavyo ndivyo vilivyoifanya pampu ya kiwandani kuwa ghali tangu mwanzo. Weka namba zako mwenyewe. Sitashangaa zikitofautiana na zangu, lakini usiuache ule mstari wa mwisho kwa sababu hupendi kuutazama.

Mwenye kazi nyingi zinazofuatana, tuseme anajenga nyumba kumi mfululizo, ana njia ya katikati: kununua pampu kuukuu ya kiwandani na kuifufua. Anarithi mwili uliosanifiwa na watu wenye uzoefu, anabadilisha pete, bamba na pistoni za mpira. Kabla ya kulipa, aingize taa ndani ya silinda za zege atazame kama utando wa kromu umechunika, na aguse unene wa bomba kwenye kona za nje, maana ndiko kunakolika kwanza.

Winchi

Karibu nisahau chaguo ambalo lingewafaa wengi wanaouliza swali hili. Winchi, mashine ya kuvuta mzigo juu kwa waya, yenye ndoo ya lita 100 inapandisha mita 15 za ujazo kwa safari 150. Kila safari ikichukua dakika mbili, kupanda, kumwaga na kushuka, ni saa tano. Ni muda uleule wa pampu ya kujiundia, kwa mashine ileile ya kuchanganyia, kwa kuwa kinachoamua kasi ni mashine ya kuchanganyia. Winchi haizibi. Haijali kama mchanga umeoshwa sana au kokoto ni kubwa. Zege linaweza kuwa gumu zaidi, lenye maji machache, ambalo litasinyaa kidogo na kupasuka kidogo kuliko lile la pampu lenye saruji na mchanga mwingi. Ikikatika waya ni hatari kubwa, kwa hiyo hakuna mtu kusimama chini ya ndoo; hilo tu, nalo si dogo.

Winchi inashindwa mahali ambapo umbali ni wa kulala: msingi ulio nyuma ya nyumba iliyokwisha kujengwa, kichochoro kisichopitisha toroli, mteremko. Hapo pampu ya kukokotwa ya kukodi inastahili bei yake hata kwa mita nne za ujazo.

Na kuunda? Kuna pahali pake. Pampu ya parafujo, ile yenye rota ya chuma inayozunguka ndani ya ala ya mpira, inasukuma plasta, uji wa saruji wa kujazia matofali ya tundu, na chokaa ya mchanga laini. Rota na ala vinauzwa tayari kama jozi. Kazi ya fundi ni mota, fremu na beseni, shinikizo ni dogo, na ikiziba unaifungua mezani bila haraka, kwa sababu ukuta uliopigwa plasta nusu haujaharibika. Anayetaka kuanza kuunda, aanzie hapo, na aiweke vali ya kupunguzia shinikizo kabla ya kuiwasha mara ya kwanza.

Kwa aliyeamua kukodi, bado kuna kazi moja ya jioni kabla ya siku yenyewe. Mita 30 za bomba la milimita 75 zinabaki na lita 130 za zege mwishoni, na za milimita 125 zinabaki na karibu lita 370. Zege hilo limelipiwa na litatoka tu, utake usitake. Panga fremu za mbao kando ya njia, zipake mafuta, uwe na mahali pa kulimwaga likawa vigae vya kutembelea.